Chipukizi la Pili

Panga lilikuwa limeshainuliwa Mzee Anaeli alipokohoa nyuma yake.

Ndelilio hakugeuka mara moja. Alikuwa ameinama kwenye shina la mgomba wa mchare lililopandwa na mama yake, karibu na makaburi ya nyumbani, akitafuta chipukizi la kuondoa. Kazi yenyewe si ya kufikiri sana. Shina la mgomba huachiwa mama, mtoto na mjukuu mmoja. Wanaozidi hapo wanatolewa, la sivyo wote wanabaki wembamba na mkungu unakuja na ndizi za kuchekesha. Tangu akiwa binti mdogo alifanya kazi hiyo kwenye kihamba kizima, shamba lao la nyumbani, bila hata kukatisha wimbo. Lakini shina hili lilikuwa limemletea wajukuu wawili, wamesimama huku na huku, unene mmoja, urefu mmoja, na kila alipowafikia na panga alikumbuka kazi nyingine.

"Shikamoo, mzee," alisema, bado ameinama.

"Marahaba, binti yangu. Pokea hiki."

Kosa lake lilikuwa hapo. Mtu mwenye akili zake akiambiwa pokea hiki, huangalia kwanza. Ndelilio alihamishia panga mkono wa kushoto, akajipangusa udongo kwenye kanga, akanyoosha mkono wa kulia kama anayepokea chumvi ya kuazima. Alipotazama kiganjani akaona jani la isale, bichi, limefungwa fundo katikati.

Isale halikataliwi. Mtu anaweza kuwa amekuchomea nyumba. Akikuletea jani hilo limefungwa fundo anakuomba msamaha, na ukishalipokea umekwisha kumsamehe, hakuna cha kurudi nyuma. Ndiyo maana watu wa Machame wenye ujanja wao wakiona mtu anakuja na isale mkononi huingia ndani na kufunga mlango, mpaka wajiandae moyo. Ndelilio alikuwa amelipokea na matope mpaka kwenye viwiko, hajui hata ni la nani.

"La nani hili, mzee?"

"La Elisaria."

Jina hilo halikuwa limetajwa mbele yake kwa zaidi ya miaka thelathini. Si kwa ubaya. Ni kwa adabu tu, vile watu wasivyomtajia mwenye kigugumizi habari za kigugumizi. Ndelilio akalitazama jani, akalitazama panga, akaona kwamba ana vitu viwili mikononi na hakuna hata kimoja anachoweza kukitumia.

Mzee Anaeli, ambaye ni baba mdogo wa Elisaria, akajikalisha juu ya ukuta wa makaburi kama mtu aliyemaliza sehemu ngumu. "Mke wake alifariki, huu mwaka wa tatu," akasema. "Ameacha kuendesha malori. Amejenga Bomang'ombe, nyumba kubwa, anatembea ndani peke yake. Anasema alikukosea, na kabla hajasema neno lingine lolote anataka kosa liondoke njiani. Sasa limeondoka."

"Neno gani lingine?"

"Wewe si mtoto, Ndelilio. Jumapili baada ya ibada atakuja mwenyewe kulisema. Uwe na jibu."

"Na nisipokuwa nalo?"

"Leo ni Jumanne," mzee akasema, akainuka akijishika kiuno. "Siku zote hizo, jibu litakosekana?"

Akaenda zake. Yale machipukizi mawili yakabaki yamesimama vilevile.

Hapo kijijini kila mtu alimwita Ndelilio shangazi, hata wasiokuwa na udugu naye. Hakuolewa, hakuzaa. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, bustani ya mboga, na kihamba ambacho si chake. Kihamba ni cha mdogo wake wa mwisho, Eliufoo, kwa sababu ndivyo ilivyo huku: nyumba ya baba inamwendea kitinda mimba wa kiume, na mtoto wa kike anakaa hapo kama hajaolewa. Akitoka, ametoka. Eliufoo yuko Dar es Salaam na huja Desemba, hula, husifia mtori wa ndizi, hupiga picha makaburi ya wazee, huondoka. Siku nyingine zote ni za Ndelilio. Yeye ndiye aliyemlisha mama yao tangu alipopooza upande mmoja mpaka alipozikwa mwaka jana, na kwa hilo aliheshimika sana. Mchungaji alilisema wakati wa mazishi, mbele ya watu wote: huyu dada aliitwa na dunia, akaitwa na mama yake, akachagua mama. Watu walilia. Ndelilio naye alilia, lakini kwa sababu zake.

Redio yake ilining'inia kwenye msumari wa banda la ng'ombe na haikuzimwa tangu msiba. Kila wiki mtangazaji mmoja wa Moshi mjini, kijana anayeitwa Rahim, alichukua shairi la zamani la shuleni akawaachia wasikilizaji waligombanie kila asubuhi mpaka Jumamosi. Jumatano, Ndelilio akiwa ameegemea ubavu wa ng'ombe anakamua, Rahim akatangaza la wiki hiyo. Lilikuwa "Wawili Wameniita."

Ukimwamsha mtu wa umri wa Ndelilio usingizini atakusomea lile shairi bila kukosea. Lilikuwa kwenye kitabu cha darasa la saba. Rahim akalisoma kwa ile sauti yao ya redioni:

*Wawili wameniita, jua linakwenda chini,*
*Mmoja juu kaita, mwenzake yuko bondeni,*
*Sauti zote zapita, zaniingia moyoni,*
*Nami mtu ni mmoja, niitike kwake nani?*

Mikono ya Ndelilio ikasimama. Ng'ombe akageuza kichwa kumwangalia, kuna nini. Sauti aliyoisikia haikuwa ya Rahim. Ilikuwa ya mvulana wa dawati la nyuma, mwenye magoti ya vumbi na jino moja lililopanda, aliyesimamishwa siku ya kufunga shule alisome shairi mbele ya wazazi, akalisoma lote huku akimwangalia yeye peke yake. Baadaye, walipokuwa wakubwa, Elisaria alikuwa akimpitia mtoni na ule mstari wa mwisho badala ya salamu. Niitike kwake nani? Naye Ndelilio alikuwa akimjibu, itika kwa anayekupikia. Wakacheka wote wawili, wajinga wa watu.

Watu wakaanza kupiga simu. Mama mmoja wa Pasua akasema wa juu ni Mungu na wa bondeni ni dunia, wazi kabisa, hata haihitaji mjadala. Kijana mmoja akasema hapana, wa juu ni kijijini na wa bondeni ni mjini, na mshairi angekuwepo leo angekwenda mjini maana kijijini hakuna kazi. Mpagazi mmoja wa mlimani akasema yeye anaitwa na mteja juu na mke wake chini, na tangu aanze kazi hajawahi kumwitika wa chini akapona njaa. Rahim akacheka mpaka akakohoa. Ndelilio hakucheka. Alisahau kufunika ndoo, paka akaingiza mdomo.

Siku hiyo hakukaa. Alimwekea ng'ombe majani mara mbili, akachemsha maziwa yakafurika jikoni, akaenda mpaka kwenye mpaka wa kihamba ambako ua wa masale, mmea wa jani lile, umeota mrefu kumpita, akarudi bila kujua alikuwa amefuata nini. Jani lile alikuwa ameliweka juu ya kabati la vyombo. Kila alipoingia ndani lilikuwa pale. Kila alipotoka yalikuwa pale machipukizi. Alijisikia hasira, na hasira yenyewe hakujua aipeleke mlango gani.

Alhamisi Eliufoo akapiga simu. Habari zilikwisha kufika Dar kabla ya maziwa ya Jumatano kufika kituoni.

"Dada, shikamoo. Nimesikia una wageni Jumapili."

"Marahaba. Nawe umesikia vizuri."

"Mimi sikuzuii, dada. Elewa hivyo. Wewe ni mtu mzima." Akanyamaza kidogo, ile namna ya kunyamaza ya mtu anayekaribia kuzuia. "Ila nawaza tu. Ng'ombe atabaki na nani? Makaburi ya wazee yatafagiliwa na nani? Na unajua mwenyewe mila. Ukitoka umetoka. Siyo mimi ninayesema, ni mila."

"Mila imekupa namba yangu?"

"Usikasirike. Sisi wote tunakuheshimu, watoto wangu nawaambia kila siku, shangazi yenu alichagua kubaki na bibi wakati sisi wote tumekimbia. Sasa uzeeni hivi, watu watasema nini?"

"Uzeeni," Ndelilio akarudia.

"Siyo uzee wa vile, dada."

Alikata simu akaenda kusimama kwenye lile shina. Akainua panga. Akachagua la kushoto, kwa sababu liko upande wa njia. Kisha akaona kwamba la kushoto ndilo linalopata jua la asubuhi, basi aondoe la kulia. La kulia lilikuwa na mizizi inayoshika ukuta wa kaburi la mama. Akashusha panga, akalichomeka kwenye mgomba. "Mwanamke mzima," akajiambia kwa sauti, "unashindwa na mgomba."

Ijumaa mchana Magdalena akaja na beseni la maharage mabichi wayamenye pamoja. Magdalena ni jirani wa upande wa chini, mtu mwema, ila hajawahi kuja na beseni bila kuja na swali. Walikaa kwenye mkeka, redio ikirudia mjadala wa asubuhi. Sasa Rahim alikuwa amefika ubeti wa mwisho:

*Wa chini nikamwitika, usiku ukaingia,*
*Wa juu hakuudhika, wala hakunililia,*
*Mimi ndimi sikuchoka, mlima kuangalia,*
*Nami mtu ni mmoja, niitike kwake nani?*

"Hilo shairi ni lako kabisa," Magdalena akasema, akirusha maharage kwenye beseni. "Uliitwa na Elisaria, ukaitwa na mama. Ukamwitika mama. Na sasa Mungu kakurudishia na yule mwingine. Ningekuwa mimi ningekuwa nimeshapanga nguo."

"Hakuniita," Ndelilio akasema.

"Nani?"

"Elisaria. Hakuniita." Alisema huku akiendelea kumenya, kwa sababu angeacha kumenya asingeweza kusema. "Mnasema nilichagua. Wewe unasema, Eliufoo anasema, mchungaji kasema mbele ya jeneza. Yule mwenye shairi aliitwa na wawili, akateseka, akaitika kwa mmoja. Mimi sikuitwa hata na mmoja. Mama alianguka Desemba, alikuwa hawezi hata kutamka jina langu. Elisaria alikuwa aje na wazee kunichumbia Jumapili. Jumamosi akapanda gari akaenda Holili mpakani, kwenye malori. Hakuja kuniaga, hakutuma mtu, hakuniuliza. Niliamka nikajikuta nimechagua."

Magdalena aliacha kumenya. "Si tuliambiwa ulimkataa? Kwa ajili ya mama?"

"Mliambiana. Mimi niliwaacha mseme, maana ilikuwa afadhali kuliko kusema nimeachwa."

"Miaka yote hii, Ndelilio."

"Miaka yote hii. Na Holili si Ulaya, Magdalena. Ukitoka hapa asubuhi, mchana unakunywa chai Holili. Ningeweza kwenda kumuuliza mwenyewe. Nikaogopa atakavyonijibu."

Hapo akalia, waziwazi, maharage mapajani. Magdalena, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuuliza kitu. Akavuta beseni upande wake, akamenya na fungu la Ndelilio mpaka likaisha.

Jumamosi redioni walihitimisha. Rahim alimwalika mwalimu mstaafu, naye akasema kile kile walichoandika wote kwenye daftari zamani zile: mshairi anatuasa tuchague kwa busara. Ndelilio akasikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyeugusa ule mstari uliomsumbua yeye tangu jana. Wa juu hakuudhika, wala hakunililia. Kama hakuudhika na hakulia, basi huyu mtu alikuwa anaangalia nini mlimani usiku kucha? Alifagia makaburi akiuwaza. Akapasua kuni ambazo hakuzihitaji akiuwaza. Jioni kichwa kilimuuma.

Jumapili alisali ibada ya kwanza, akarudi haraka, akapika mtori na nyama. Hakuvaa nguo mpya. Alivaa ile ya kitenge ya kila Jumapili, kwa makusudi, halafu akajikuta amejipaka mafuta mikononi mara mbili.

Walikuja wawili, Mzee Anaeli mbele na Elisaria nyuma. Ndelilio alikuwa amejiandaa kumwona kijana mwembamba mwenye magoti ya vumbi, upumbavu gani huo, na aliyeingia alikuwa mtu mnene mwenye mvi, suti ya kijivu, goti moja bovu kwa kukanyaga klachi miaka mingi. Ila alipotabasamu lile jino lililopanda lilikuwa pale pale. Ndelilio aliliona na moyo ukamruka, akaukasirikia moyo wake.

Wakala. Walisifu mtori. Walizungumza mvua, bei ya majani ya ng'ombe, barabara. Mzee Anaeli alikohoa mara kadhaa kumpa Elisaria nafasi, na Elisaria kila mara akaongeza mtori.

Mwishowe akaweka kijiko. "Umesikia redioni wiki hii wamelijadili shairi letu?"

"Letu lini?" Ndelilio akasema.

Elisaria akainamisha kichwa, akacheka kidogo. "Mimi nilikuwa nasikiliza. Pale Bomang'ombe nikifungua mlango asubuhi, mlima uko mbele yangu wote. Hapana siku sijautazama. Nilitaka kumpigia yule kijana simu nimwambie, huyo mtu wa kwenye ubeti wa mwisho ni mimi. Mimi ndimi sikuchoka."

"Uliutazama," Ndelilio akasema. "Hukupanda."

Mzee Anaeli akageuka kutazama mlangoni, akaona ng'ombe, akaendelea kumtazama ng'ombe.

"Nimekwisha kukusamehe," Ndelilio akaendelea. "Isale nililipokea, halirudi. Lakini sijui nimesamehe kitu gani. Hebu niambie mwenyewe."

Elisaria akasugua goti lake. "Niliondoka bila kukuuliza. Nilisikia mama ameanguka. Nikajua hutamwacha. Nikasema, nikienda na wazee nitamweka mtoto wa watu katikati, huku mama huku mimi, atateseka bure. Afadhali nijiondoe, nimpunguzie. Nikapanda gari. Nilidhani ni huruma." Akatikisa kichwa. "Haikuwa huruma. Niliogopa kukataliwa mbele ya wazee."

"Ukanichagulia."

"Nikakuchagulia."

"Halafu watu wakanisifu mimi. Unajua ni uzito gani kubeba sifa isiyokuwa yako? Kila anayekwambia hongera anakukumbusha hukuulizwa." Akasogeza bakuli kando. "Sasa nijibu. Ungekuja ile Jumapili, ukaniuliza, ningekwambia nini?"

Elisaria hakufikiri sana. Ilionekana alishalifikiri miaka mingi barabarani. "Nilijipa moyo kwamba ungesema ndiyo. Ndilo lililoniumiza, kwamba ungesema ndiyo na mimi sikuuliza."

"Ningesema hapana."

Maneno yalitoka kabla hajayakagua. Ndelilio akayasikiliza, kama ni ya mtu mwingine aliyeongea ndani ya chumba, akayapima huku na huku atafute uongo ndani yake. Hakuuona. Alimwona mama yake kitandani na kidevu kimelowa uji, akajiona mwenyewe na umri ule, kiuno kile, miguu ile ya kukimbia mpaka mtoni. Angesema hapana. Angelia wiki nzima, angemlaumu mama, angemlaumu Mungu, halafu angeingia ndani na kijiko.

"Ningesema hapana," akarudia, polepole, na safari hii karibu acheke. "Mama alikuwa hawezi kushika kijiko, Elisaria. Ningekukataa mchana kweupe mbele ya wazee wako wote."

Kwa hiyo sifa ilikuwa yake. Mchungaji hakudanganya, na Magdalena hakudanganya. Miaka yote alikuwa analia mlangoni pa nyumba ambayo, angekaribishwa, asingeingia. Wa juu hakuudhika, wala hakumlilia; aliyekuwa hachoki kutazama ni yeye mwenyewe. Alitaka kumkumbatia mama yake. Alitaka pia kumpiga Elisaria na mwiko. Vyote viwili alivisikia kwa nguvu sawa.

"Nashukuru kuambiwa," Elisaria akasema kwa unyonge. Akajifuta uso na leso. "Na leo?"

"Leo hujaniuliza bado. Umemtuma baba mdogo na jani. Jani ni la kosa. Mimi nataka swali."

Mzee Anaeli akainuka, akasema anakwenda kumwona yule ng'ombe, hivi amezaa mara ngapi, na akatoka bila kungoja kujibiwa.

Elisaria akabaki. Alikuwa ameendesha malori mpaka Tunduma na Rusumo, amelala porini, amegombana na kila mlinzi wa kila mpaka, na sasa alitafuta mahali pa kuweka mikono yake asipaone. "Ndelilio," akasema. "Utakuja kukaa na mimi Bomang'ombe?"

Hakuongeza kitu. Aliuliza, akasubiri.

Hivi ndivyo inavyokuwa, Ndelilio akawaza. Aliliacha swali likae chumbani kidogo, kwa sababu lilikuwa lake na lilikuwa limechelewa sana. Alifikiria ng'ombe. Alifikiria joto la Bomang'ombe, vumbi lake, upepo wake, nyumba kubwa iliyokuwa na mwanamke mwingine. Alifikiria Eliufoo na mila yake, na ua wa masale ambao ukishautoka umeutoka. Alifikiria lile jino. Kisha akasimama, akachukua jembe nyuma ya mlango, akatoka.

Elisaria akamfuata akichechemea. Ndelilio alikwenda moja kwa moja kwenye shina la mama yake. Panga lilikuwa limechomekwa pale kwenye mgomba tangu Alhamisi, hakuligusa. Alianza kuchimba upande wa njia, kuzunguka chipukizi la kushoto, polepole, akifuata mizizi kwa vidole ilipomlazimu. Wiki nzima alikuwa amekuja hapa na panga. Akalitenganisha na mama yake kwa pigo moja safi la jembe, akalitoa zima na udongo wake. Akapunguza majani, akalifunga chini kwa majani makavu ya mgomba. Akamwekea Elisaria begani, juu ya suti ya kijivu, na udongo ukamporomokea kifuani.

"Bomang'ombe kuna maji?"

"Bomba linatoa siku mojamoja."

"Basi chimba shimo refu. Weka samadi ndoo kubwa, uiache ipoe kwanza. Umwagilie kila jioni, wewe mwenyewe. Usimtume mtu."

Elisaria alilishika lile chipukizi kwa mikono miwili. "Hili ndilo jibu?"

"Jibu litatoka na jani la kwanza. Nitashuka kuliangalia mwenyewe."

"Na lisipotoka?"

"Mimi nimekaa zaidi ya miaka thelathini sijui ningejibu nini," Ndelilio akasema. "Wewe utashindwa kungoja jani?"

Mzee Anaeli alikuwa amerudi, amesimama kando, anatazama mmoja halafu mwingine. "Na Eliufoo tumwambie nini?" akauliza.

"Eliufoo ana miguu. Kihamba ni chake, aje akione siku isiyo ya Desemba."

Wakashuka. Elisaria alitangulia kwenye njia ya katikati ya masale, goti likimvuta upande mmoja na chipukizi likimvuta upande wa pili, na watu wa ibada ya pili waliokuwa wanapanda wakamsalimia, wakatazama bega lake, wakatazamana. Magdalena alikuwa kwenye ua wake na beseni tupu. Aliwaona wanapita, akalishusha beseni chini.

Ndelilio alibaki kwenye shimo. Chipukizi lililosalia lilisimama peke yake, upande mmoja mweupe pale mwenzake alipokuwa, linayumba kidogo. Akalisukumia udongo kwa mguu, akaushindilia, akaleta samadi kwa mikono. Kisha akavuta kigoda mpaka mwisho wa migomba, mahali ambapo miti inaachia na mtu anaona tambarare yote mpaka mbali, akakaa, mlima ukiwa mgongoni kwake. Kule chini, upande wa Bomang'ombe, mabati yalikuwa yanang'aa juani, mengi, huku na huku. Akaweka kiganja juu ya macho, akaanza kutafuta ni lipi.